Simu moja, watoto wawili

Shule inayopokea ada kwa simu hubaki na majedwali mawili: malipo, lenye namba iliyotuma fedha, na wanafunzi, lenye namba ya mzazi. Kuyaunganisha kwa namba hiyo kunaonekana kazi ndogo, hadi atokee mama mwenye watoto wawili shuleni. JOIN ya kawaida itayarudia malipo yake kwa kila mtoto. Katuma shilingi 200,000. Ripoti itasoma 400,000, wala hakuna ujumbe wa kosa, maana kwa kanuni za SQL hakuna kilichoharibika.

Wengi hukimbilia DISTINCT. Haisaidii, kwani mistari hiyo miwili ina wanafunzi wawili tofauti kweli. LIMIT 1 ni mbaya zaidi: humchagua mtoto mmoja bila sababu, na pasipo ORDER BY kesho inaweza kumchagua mwingine.

Salama ni kuhesabu kwanza, ndipo uunganishe (safu ya namba hapa ni namba ya mwanafunzi, si ya simu):

SELECT m.kumbukumbu, m.kiasi, w.namba
FROM malipo m
LEFT JOIN (
  SELECT simu, MIN(namba) AS namba
  FROM wanafunzi
  GROUP BY simu
  HAVING COUNT(*) = 1
) w ON w.simu = m.simu;

HAVING inabakiza simu zenye mwanafunzi mmoja tu. MIN isikutishe: katika kundi la mtu mmoja, wa chini na wa juu ni yuleyule, kwa hiyo hata MAX ingefaa. Upande wa malipo hatuhesabu chochote. Mzazi hulipa kwa awamu, na namba yake kujirudia pale ni halali.

Hatari kubwa iko kabla ya kuhesabu. Mtoto mmoja akiandikwa kwa namba inayoanza na 0, mwenzake kwa ileile inayoanza na +255, kila mmoja ataonekana wa pekee, na fedha zote zitamwangukia mmoja wao. Namba zisawazishwe kwanza. WHERE nayo hutangulia GROUP BY: ukichuja kidato cha kwanza ndani ya swali dogo la kwenye mabano, ndugu aliye kidato cha tatu anatoweka kabla hajahesabiwa.

Malipo yasiyopata mwenyewe hubaki na NULL, ila NULL hiyo inachanganya mambo mawili: mjomba ambaye simu yake haijasajiliwa, na mama yetu wa watoto wawili. Mimi huiondoa HAVING, naongeza COUNT(*) AS idadi ndani, na nje naandika CASE WHEN w.idadi = 1 THEN w.namba END, huku idadi yenyewe ikionekana kwenye ripoti. Palipo patupu, simu haijulikani. Palipo na 2 au zaidi, mhasibu ampigie mzazi.

Kuweka UNIQUE kwenye safu ya simu si dawa, kwani kanzidata itamkataa mtoto wa pili siku ya kuandikishwa. Afadhali kila mwanafunzi awe na kumbukumbu namba yake, ambayo mzazi ataiingiza anapolipa.