Zaburi Tusiyoisoma Msibani

Huku kwetu Mahongole, kama ilivyo sehemu nyingi za Makambako na Njombe, anayehudhuria misiba mara kwa mara hana haja ya kufungua Biblia ili ajue zaburi gani itasomwa. Itakuwa ya 23, yenye mchungaji na malisho. Au ya 90, inayohesabu miaka ya binadamu. Au ya 121, yenye vilima. Zote ni njema, wala sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni juu ya ile tunayoiruka.

Zaburi ya 88 ina aya 18, na kichwa chake kinamtaja Hemani Mwezrahi. Zaburi nyingine za kilio hugeuka mahali fulani. Ya 13, kwa mfano, hulalamika aya nne, na katika ya tano huanza kutumaini. Hata ya 22, pamoja na ukali wake, huishia katika sifa. Ya 88 haigeuki. Mtunzi anamwita Mungu wa wokovu wake mwanzoni kabisa, kisha hasemi jema tena. Analia usiku na mchana, anajiona amekwisha kuhesabiwa pamoja na wafu, anauliza kama kaburini yupo awezaye kusifu, na mwisho anakomea gizani. Zaidi ya hayo anamlaumu Mungu mwenyewe kwa kumwondolea rafiki zake, na jambo hilo analisema mara mbili, katika aya ya 8 na ya mwisho.

Nimepata kumsikia mhubiri akisema kwamba huyu ni mtu aliyepungukiwa imani. La hasha! Mimi naona kinyume chake, na sababu yangu si ya kitabuni.

Mwaka 2002 mdogo wangu alikuwa amelala ndani miezi kadhaa, kwa ugonjwa ambao siku zile hatukuutaja kwa jina. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kwetu zilikuwa habari za wenye fedha. Vijana aliocheza nao mpira walipita barabarani bila kuingia. Usiku mmoja wa Julai, baridi ikiwa kali, nilimsomea ya 121. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kaka, huyo ameshasaidiwa. Nitafutie ambaye bado."

Nikapekua hadi nikaifikia ya 88. Kwenye aya ya 8 akaniomba niirudie. Niliirudia mara tatu. Hakulia, akageukia ukutani, akalala usingizi.

Tangu hapo nimeitazama kwa makini. Mtu huyu hamsengenyi Mungu kwa majirani. Lawama zake zote anampelekea Mungu mwenyewe, na asubuhi anarudi tena na maombi yale yale. Usiyemtumaini humpigii hodi kila siku.

Hata hivyo ina kasoro, au niseme hatari. Mgonjwa aliye peke yake inaweza kumzamisha. Inataka asomewe na mtu aliyeketi karibu naye. Tena haina neno la kumwambia mtu afanye nini, na leo liko la kufanya. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa Njombe wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiishi na VVU. Ule wa 2022-23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima. Dawa zipo, na anayezimeza sawasawa hufanya kazi na kulea watoto. Lakini hofu ya kutengwa haijatoka. Bado yuko anayepanda gari kwenda kuchukua dawa mji mwingine ili asionekane. Huyo akiambiwa kanisani kwamba mwenye imani halalamiki, atajifunza kunyamaza, na siku dawa zikimwishia atanyamaza pia.

Kaburini sidhani kama inafaa. Pale kuna haraka, na mvua ikitishia kila mtu anatazama mawingu. Ningependa isomwe usiku wa matanga, watu wakiwa wameuzunguka moto. Na msomaji akifika aya ya 18 asikimbilie ya 23 ili kulifunika lile giza. Afunge kitabu, aketi na wafiwa.