Wimbo wa "Malaika" na Dansi ya Maharusi

Mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinijia na swali ambalo kwa desturi mjomba haulizwi. Alitaka nimwambie kama wimbo wa "Malaika" wafaa kupigwa pale ambapo bwana harusi na bibi harusi husimama peke yao katikati ya ukumbi na kufungua dansi. Alikuwa amekwisha kuuchagua. Alichotaka kwangu ni idhini ya mtu wa kusoma, maana shangazi yake, dada wa baba yake, alikuwa ameukataa. Hoja ya shangazi ilikuwa fupi: wimbo ule ni wa kijana aliyekosa mke kwa umaskini, na kuupiga siku ya harusi ni kuikaribisha nuksi. Tena palikuwa na jambo ambalo hakulitamka ingawa sote tulilijua. Bwana harusi alikaa miaka mitatu akitafuta mahari, na aliyeitaja mahari ile ni baba wa binti, shemeji yangu, ambaye siku hiyo angeketi meza ya mbele.

Nakiri kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi. Nilimwambia kwamba wimbo mzuri ni mzuri popote, na kwamba nilipokuwa masomoni Uingereza niliusikia ukipigwa katika harusi ya watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, nao wakafurahi sana. Usiku nilipofikiri niliona kwamba nimesema upuzi. Wale walifurahi kwa sababu hawakuelewa. Ukumbi wa mpwa wangu ungejaa watu wanaoelewa kila neno, na baadhi yao hodari wa kuelewa hata lisilosemwa.

Yafaa tukumbuke kwamba kufungua dansi kwa namna hii si desturi ya kale ya pwani. Ndoa husomwa mbele ya wanaume, wanawake wana shangwe zao, na mume na mke hawakumbatiani wakacheza machoni pa wazee. Dansi ya wawili wawili ilikuja na miji na vilabu vyake na bendi zake. Dar es Salaam Jazz Band, kwa mfano, iliundwa mwaka 1932. Lakini watu walioingia katika dansi waliingia na masikio yao ya taarabu, na sikio la taarabu haliulizi kwanza kama wimbo waingia miguuni. Lauliza: maneno haya anaambiwa nani? Anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwenye ubeti fulani amekwisha kusema neno lake bila kufungua kinywa, na aliyekusudiwa amekwisha kulipata. Kwa hiyo shangazi hakuwa akisema ushirikina tu. Alikuwa anahakiki, na kwa kanuni ambazo zina umri mkubwa kuliko zangu. Mpwa wangu alisikia tuni. Yeye alisikia barua iliyoandikiwa ndugu yake.

Basi tuutazame wimbo wenyewe. Santuri iliyoueneza ni ya Fadhili William wa Kenya, iliyotiwa sauti karibu na 1960, na jina lake ndilo lililoandikwa juu ya santuri nyingi. Wapo pia wanaosema kwamba mtunzi hasa ni Adam Salim wa Tanganyika. Ugomvi huo siuingii hapa. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika santuri iliyopewa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, na tangu hapo ukawa mali ya ulimwengu: Boney M. waliuimba mwaka 1981 kwa mwendo wa disko, Angélique Kidjo akaurudia mwaka 1991.

Habari yake ni nyepesi. Kijana ampenda mtu, amwita malaika, amwambia wazi kwamba fedha zamtaabisha moyo na kwamba hana mali ya kumwolea. Kisha ageuza mfano, amwita kidege. Hakuna zaidi. Hakuna mshindani, hakuna baba mkali, hakuna mwisho. Kama tukiusoma kwa habari yake tu, shangazi ameshinda, nasi tufunge shauri.

Lakini wimbo hausomwi kwa habari yake tu. Kitenzi kinachobeba uzito wote, kile cha kuoa, kimevaa kiambishi -nge-. Sarufi tulizosomeshwa shuleni zatenga -nge- na -ngali-. La pili hutumika kwa jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita na nafasi yake imepotea. La kwanza hutumika kwa jambo ambalo halipo sasa, lakini halijakatazwa kuwapo kesho. Mtunzi angalitumia -ngali-, mlango ungalifungwa na wimbo ungalikuwa wa msiba. Hakuufunga. Tena hakuitamka sehemu ya sharti kwa ukamilifu. Hatuambii "kama ningekuwa nazo". Alitaja upungufu wake, akaruka moja kwa moja kwenye tokeo. Sharti lenyewe ameliacha msikilizaji alijaze. Nasema kwamba bwana harusi na bibi harusi wanaposimama katikati ya ukumbi, wao ndio wanaolijaza. Kijana wa kwenye wimbo anasema angeoa. Kijana aliye mbele yetu ameoa. Wimbo ule ule ambao kwenye baraza ya jioni ni malalamiko, ukumbini wageuka kumbukumbu ya miaka mitatu iliyokwisha.

Msomaji aweza kunirudi kwamba katika mazungumzo ya kila siku watu wengi huchanganya -nge- na -ngali- bila kujali. Ni kweli, na mimi mwenyewe hufanya hivyo nikiwa na haraka. Lakini wimbo si mazungumzo ya haraka. Kilichoimbwa kwa zaidi ya miaka 60 bila kubadilishwa kina haki ya kusomwa kama kilivyo.

Jambo la pili ni kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na kauli hizi mbili hazibadilishani nafasi bila watu kugeuza shingo. Neno malaika halina dume wala jike. Kwa asili hata umoja halina, maana katika Kiarabu ni wingi, nasi tumelifanya la mtu mmoja. Twaliita pia kwa jina hilo mtoto mchanga, na hata vinyweleo vya mwilini. Hivyo anayeambiwa aweza kuwa yeyote. Lakini anayesema, kwa kuwa anataka kuoa, ni mwanamume. Makeba au Kidjo wakiuimba, sauti ya kike yashika kitenzi cha kiume. Katika jukwaa la tamasha jambo hili halina dhara, tena lina uzuri wake, kwa kuwa twamsikia mwanamke akituhadithia maneno ya kijana. Ukumbini, mbele ya wazee, hadithi hiyo haina mahali pa kusimama, kwa sababu macho yote yako kwa bibi harusi, na sauti ya kike itadhaniwa kuwa yake. Kwa dansi ya maharusi nilimshauri mpwa wangu aziache santuri hizo, pamoja na sifa zake zote.

Kuna na kitenzi kingine, cha ubeti wa kidege, chenye hu- ya mazoea ikifuatwa na -ku- ya mtendwa. Maana yake ni kwamba msemaji humwaza mpenzi wake siku zote. Lakini hu- na -ku- ndizo pia alama za kukanusha wakati uliopita kwa nafsi ya pili, na sikio lisilo makini laweza kusikia mpenzi akilaumiwa kwamba hakufikiri. Nimekutana na wanafunzi waliousikia hivyo tangu utotoni na kuuhesabu kuwa wimbo wa lawama. Herufi zile zile, na kati ya maana hizi mbili pana umbali wa mapenzi na talaka! Namna ya kuimba ndiyo inayoamua.

Marafiki wa bwana harusi walikuja na shauri la kukwepa yote haya: upigwe wimbo wa Elvis Presley wa mwaka 1961, "Can't Help Falling in Love", ambao hauna mahari wala umaskini. Sikuukataa kwa ugeni wake. Niliwaeleza tu kwamba tuni yake imetolewa katika wimbo wa Kifaransa wa mwaka 1784, "Plaisir d'amour", wa Martini, na maneno ya wimbo huo ni kilio cha mtu aliyeachwa na mpenzi wake. Wanaokwepa huzuni kwa kukimbilia Ulaya wataikuta imefika kabla yao. Yaelekea nyimbo za mapenzi zinazodumu zote zina ufa mahali fulani. Zile zisizo na ufa tumekwisha kuzisahau.

Nikabaki na santuri ya Fadhili William. Haina ufundi mkubwa wa studio, na magitaa yake yaenda kwa hatua ya mtu asiye na haraka, hatua ambayo kijana asiyejua kucheza aweza kuifuata bila kumkanyaga mkewe. Lakini sababu yangu kubwa ni sauti. Wengi waliokuja baadaye wanaulilia wimbo. Wanavuta irabu mpaka upungufu wa fedha unakuwa upungufu wa dunia nzima. Fadhili halii. Anaeleza hali yake kama mtu anayemweleza mwenye nyumba kwamba kodi itachelewa: kwa aibu kidogo, kwa adabu, na bila kusema kwamba haitafika. Hiyo ndiyo -nge- iliyoimbwa kwa haki. Ikiimbwa kwa machozi husikika kama -ngali-, na hapo hofu ya shangazi yapata sababu.

Nilikwenda kwa shangazi nikamweleza haya yote, pamoja na viambishi vyake. Alinisikiliza kwa heshima, akanimiminia kahawa. "Baba," akasema, "hiyo -nge- yako imo kitabuni. Kaka yangu atasikia pesa." Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Uhakiki waweza kuonyesha kile ambacho maneno yanakubali kubeba. Hauwezi kumchagulia baba wa binti neno la kulisikia. Nilichoweza kufanya ni kumwendea shemeji yangu na kumwambia mapema wimbo gani utapigwa, na kwamba binti yake ndiye aliyeuchagua. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama ni ule wa zamani au wa hawa wa disko. Nikamwambia ni ule wa zamani.

Ukapigwa. Maharusi walicheza vibaya, kama wachezavyo maharusi wote. Shangazi aliketi karibu na kaka yake, na wimbo ulipofika pale kwenye mali hakuwatazama wao, alinitazama mimi.