Sifa ya Fundi Anayepima Kwanza

Mpelekee fundi baiskeli hodari foku ya springi uliyoinunua, ingali kwenye boksi lake, nawe utaona haendi kwenye spana. Anachukua kalipa. Anaigeuza foku, anaikagua miguuni, anainama kuitazama shingo ya fremu, kisha anarudia kupima. Mteja mwenye haraka huona anacheleweshwa bure. Mimi naamini hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Kukaza bolti ni kazi ya mwisho, na nyepesi.

Foku za springi zilienea kwenye baiskeli za milimani kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Mmarekani Paul Turner, aliyetoka kwenye ufundi wa pikipiki, alianzisha RockShox mwaka 1989. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za milimani yaliyoandaliwa na UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akitumia foku ya kampuni hiyo. Tangu hapo viwanda havijatulia. Kila foku iliyotengenezwa iwe imara zaidi ya mwenzake ilikuja na vipimo vyake, na vile vya zamani havikutoweka. Vinashushwa pamoja na mitumba Mombasa na Dar es Salaam, na karakana moja inaweza kuwa na fremu ya mwaka 1995 iliyoegemezwa kando ya foku ya juzi.

Basi fundi anaanzia shingoni. Kwa miaka mingi bomba la foku, lile linalopita ndani ya shingo ya fremu na kushikwa na usukani, lilikuwa nyoofu, kipenyo chake milimita 28.6. Foku nyingi za siku hizi zina bomba linalonenepa kadiri linavyoshuka, hadi kufikia karibu milimita 40 pale chini. Shingo yenye tundu la milimita 34 hailipokei bomba hilo kabisa. Yenye tundu la milimita 44 italipokea, mradi kikombe cha beringi ya chini kiwe cha kukaa nje ya shingo. Tofauti ni milimita 10, na kwenye picha aliyokutumia muuzaji kwa simu hutaiona.

Foku ya mtumba ina swali jingine: ilikatwa wapi? Mwenyewe wa kwanza alilikata bomba kwa kipimo cha fremu yake. Jumlisha urefu wa shingo yako, beringi za juu na chini, ringi na stemu, kile kishikio cha usukani. Bomba likipungua, biashara imeishia hapo. Wapo wanaochomelea kipande cha kuongezea. Kwa hao sina uvumilivu. Bomba hilo likikatika mteremkoni, mwendeshaji anabaki na usukani mikononi usioongoza kitu.

Gurudumu na breki havihitaji maneno mengi, ila vinakula pesa. Ekseli ya milimita 9 haikai kwenye foku iliyotengenezewa ekseli ya milimita 15, na habu ya upana wa milimita 100 inapwaya kwenye foku ya 110. Foku nyingi mpya hazina pa kufungia breki za kubana rimu, zinataka diski. Kwa hiyo aliyekuja kubadilisha foku anaweza kuondoka akidaiwa habu, gurudumu na breki.

Linalonifanya niwaheshimu zaidi mafundi hawa ni kipimo ambacho hakizuii kitu kufungika. Chukua fremu iliyosanifiwa kwa foku yenye mwendo, yaani umbali inaobonyea, wa milimita 80. Mwenyewe anatamani 120, maana anadhani mwendo mrefu ndio ubora. Shingo inakubali, ekseli inakubali, breki inakubali, kila bolti inakaza. Lakini mbele pameinuka karibu milimita 40, na pembe ya shingo imelala karibu digrii 2. Baiskeli sasa ni jahazi lililopakiwa shehena yote tezi: omo iko juu na usukani hautii. Kwenye mlima mkali gurudumu la mbele linayumba, na kwenye kona za taratibu linaangukia upande. Tena foku ndefu ni wenzo mrefu, unaovuta viungo vya shingo kila unapopiga jiwe, na fremu haikujengwa kubeba nguvu hiyo. Vivyo hivyo kwa foku ya gurudumu la inchi 29 kwenye fremu ya 26: hata mwendo ukilingana, foku yenyewe ni ndefu zaidi. Mimi ningechukua foku nzuri ya milimita 80 au 100 kuliko hiyo ya kujionyesha.

Fundi wa kubahatisha angeifunga, akapokea hela yake, nawe ukaondoka umefurahi. Yule hodari anakuambia haifai, ingawa imeingia, na kwa kusema hivyo anaikosa kazi iliyokuwa mbele yake. Hilo linadai maarifa, na linadai uadilifu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usinunue foku kwanza ukaenda kwa fundi baadaye. Peleka baiskeli ipimwe, ondoka na vipimo vimeandikwa kwenye karatasi, ndipo uingie sokoni. Na fundi akitumia nusu saa kupima foku uliyokwisha kuipenda, halafu akakushauri uiache, mlipe nusu saa hiyo.