Asenath Odaga: mwandishi aliyefungua duka lake

Basi la Kisumu kwenda Mwanza huingia Tanzania pale Sirari, likashuka Tarime na Utegi, likavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, kisha likapita Kiabakari kuelekea Bunda. Utegi iko wilaya ya Rorya, na Kijaluo cha Rorya kinasikika vizuri tu Kisumu. Kwa hiyo sisi wa mkoa wa Mara tuna kila sababu ya kuichunguza biashara ya vitabu ya Asenath Bole Odaga, Mkenya aliyechapisha pia kwa Kijaluo huko Kisumu.

Alizaliwa Rarieda mwaka 1937, akasomea ualimu, akawa mkuu wa shule ya wasichana ya Nyakach. Hadithi zake za watoto zilianza kuchapishwa miaka ya 1960. Baadaye alifanya kazi Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1982 alikuwa Kisumu akiendesha kampuni yake, Lake Publishers and Enterprises, pamoja na duka la vitabu la Thu Tinda. Alifariki Desemba 2014.

Wengi husifu ujasiri wake. Mimi navutiwa zaidi na hesabu zake. Mwandishi kwa kawaida huambulia kama asilimia 10 ya bei ya kitabu, mwenye duka hukata robo au theluthi, na mchapishaji hubaki na sehemu ambayo humo humo lazima amlipe mpiga chapa. Kitabu cha lugha yenye wanunuzi wachache, kikigawanywa hivyo, hakimshibishi yeyote. Odaga alikalia viti vyote vitatu, na makombo ya kila kiti yakawa mtaji.

Hata hivyo, duka halilipi kodi ya pango kwa ngano za Kijaluo. Lilihitaji kitabu ambacho mwanafunzi hana budi kukinunua. Mwaka 1974 walimu wa fasihi wa Kenya walikutana Nairobi kudai fasihi ya Kiafrika ipewe nafasi yake shuleni, na fasihi simulizi ikawa somo la sekondari. Mwaka 1982 Odaga na Kichamu Akivaga walitoa kitabu cha kiada cha somo hilo kupitia Heinemann. Miaka miwili baadaye alitoa kingine, *Yesterday's Today*, safari hii kwa kampuni yake mwenyewe. Yaani soko alilipima kwa fedha za mwingine, ndipo akaingiza zake. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Na malighafi ilikuwa ileile. Chukua Nyamgondho, mvuvi wa Gwassi aliyemnasa bikizee ziwani, akatajirika kwa ng'ombe, kisha akamtukana. Bikizee akarudi majini na mifugo yote ikamfuata. Ngano ya namna hiyo hutumika mara mbili: kwa Kiingereza ni mfano wa kuchambuliwa darasani, kwa Kijaluo ni kitabu kamili, nacho kilitoka mwaka 1986. Utafiti mmoja, bidhaa mbili.

Kasoro zipo. Mwaka 1987 kampuni hiyo ndogo ilitoa riwaya zake za Kiingereza *Between the Years*, *A Bridge in Time* na *Riana*, zote mwaka mmoja. Fedha nyingi hivyo kulala kwenye karatasi! Mchapishaji asiyekuwa mwandishi mwenyewe angemwambia asubiri.

Je, biashara kama hiyo ingewezekana kwetu Mara, mjini Musoma? Miaka hiyo vitabu vya shule Tanzania vilipangwa na kusambazwa na vyombo vya serikali, na lugha ya shule ya msingi ilikuwa Kiswahili. Mwalimu wa Kiabakari mwenye daftari la ngano za Kizanaki hakuwa na kitabu cha mtihani cha kulibeba daftari hilo. Hata leo, kazi kubwa ya kuandika lugha za Mara inayofanyika Musoma ni ya tafsiri ya Biblia, na mteja wake wa kwanza ni kanisa.