Marinda Ishirini na Manne

Gauni la harusi linaweza kufichwa kasoro kwa lesi na shanga. Sketi ya shule ya marinda haina pa kufichia. Ndiyo maana napenda kutazama ikishonwa.

Tuseme kiuno ni inchi 24 na kila rinda lina upana wa inchi moja. Rinda hula kitambaa mara tatu: inchi moja inayoonekana na mbili zinazojikunja ndani. Kwa hiyo zinatakiwa inchi 72, yaani yadi mbili, mbali na za kuungia. Fundi mzuri hupiga pindo la chini kwanza, kitambaa kikiwa bado kimelala, kwa sababu kupinda sketi iliyokwisha kukunjwa ni adhabu. Kisha anachora kwa chaki, anakunja, anapiga bandi kwa mkono na kulaza kwa pasi. Akizidisha nusu ya robo inchi tu kwenye kila rinda, hataona kitu kwenye rinda la kwanza wala la tano. Ataona mwisho, mkanda wa kiuno unapokataa: inchi tatu nzima zimepotea njiani. Hapo hakuna ujanja ila kufumua.

Ushonaji ni miongoni mwa stadi zinazofundishwa katika nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, chini ya shirika aliloanzisha Rhobi Samwelly mwaka 2017. Wasichana hukimbilia huko kuepuka ukeketaji, kama wenzao wa Tarime wanavyokimbilia kituo cha Masanga, cha Kanisa Katoliki. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana chini ya miaka 18. Lakini Desemba shule zikifungwa, na wazee wa mila wakishatangaza msimu, mzazi anayehesabu ng'ombe wa mahari haifikirii sheria. Anayetoroka usiku habebi sare.

Wahubiri husema kila mtu ameumbwa kwa kusudi. Sina ubishi, na imani ndiyo iliyowasukuma wengi waliofungua milango hiyo. Ila kwa binti wa miaka 15 aliyekimbia kwao, kusudi ni jambo la mbali. Kiuno cha mwenzake anayesubiri sketi ili arudi darasani kiko karibu, na kina vipimo. Mguu ukikanyaga cherehani, akili yote iko kwenye mstari wa chaki. Nadhani hata sala huwa hivyo kwa wanaoijua.

Madukani zipo sketi ambazo marinda yake yamebanwa kiwandani. Sizidharau, zina bei nafuu. Lakini Januari shule zinapofunguliwa, mama anayejua nguo huigeuza sketi ndani nje, akakagua pindo, akavuta mkanda kwa vidole viwili, ndipo akaanza kubishana bei.