Masikio Hayana Kope

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Angalau yana kope: picha ikitisha, mtu hufumba. Masikio hayana hata hizo kope, na juu ya udhaifu huo mdogo mafundi wa redio nchini Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940, walijenga sanaa nzima.

Vifaa vyao vingi vilitoka jikoni. Katika Lights Out, kipindi cha usiku wa manane kilichoanza Chicago mwaka 1934, kichwa kilichofyekwa hewani kilikuwa kabichi studioni. Kipindi cha Inner Sanctum nacho kilifunguka kwa mlango unaolia bawaba, basi. Damu, na giza la nyuma ya mlango, msikilizaji alijiletea mwenyewe. Na nani ajuaye kumtisha mtu kuliko nafsi yake?

Lakini milio peke yake ni vitisho vya watoto. Aliyeikomaza kazi hii ni mwandishi Lucille Fletcher. Tarehe 25 Mei 1943, kipindi cha Suspense cha redio ya CBS kilirusha tamthilia yake, Sorry, Wrong Number. Bibi Stevenson, mgonjwa, yuko kitandani peke yake, anampigia simu mumewe. Laini zinaingiliana. Anawasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke usiku uleule, saa tano na robo, treni ipitapo darajani, ili ngurumo yake imeze ukelele. Anawapigia maopereta, anawapigia polisi. Hapati wa kumwamini.

Fletcher hakumfanya mwanamke huyu apendeke. Analalama, anafoka, anadeka. Mwigizaji wake, Agnes Moorehead, aliipandisha sauti hiyo ngazi kwa ngazi, kutoka kero hadi hofu tupu. Maopereta wanamchoka, nasi tunamchoka. Tunapong'amua kwamba anayewindwa ni yeye, tumekwisha kukaa upande wa wale waliompuuza.

Tena yeye mwenyewe ni msikilizaji. Amenasa maneno yasiyokusudiwa sikio lake, hawezi kuinuka, hawezi kuzuia. Nasi mbele ya redio tuko vivyo hivyo. Ndiyo maana filamu iliyotokana na tamthilia hii mwaka 1948, pamoja na uhodari wote wa mwigizaji Barbara Stanwyck, ilipoteza kitu: kamera ilitutoa nje, ikatutembeza katika maisha yake ya nyuma. Redio ilikuwa imetufungia naye chumbani.

Suspense ilirushwa kwa mara ya mwisho tarehe 30 Septemba 1962, lakini rekodi zake zipo. Zima taa, isikilize ile ya Bibi Stevenson. Treni itakapoanza kunguruma kwa mbali, utatafuta cha kufumba, usikipate.