Kuunganisha Nyanja za Fizikia Ndani ya Kinu cha Nyuklia

Kinu namba 1 cha kituo cha Watts Bar, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, kilichoanza kuzalisha umeme wa kuuza mwaka 1996, kina mafungu 193 ya fueli ya urani, na kila fungu lina fimbo 264 zenye unene wa takriban milimita 9.5. Kinu hicho kilitumiwa kupima VERA, mkusanyiko wa programu za kompyuta uliotengenezwa na muungano wa CASL, ambao ulianzishwa mwaka 2010 chini ya uongozi wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ili kukokotoa hali ya kila fimbo peke yake.

Ugumu wa kazi hiyo uko mahali nyanja za fizikia zinapokutana. Nyutroni zinapopasua viini vya urani hutoa joto. Fueli ikizidi kupata moto, urani-238 hunyonya nyutroni nyingi zaidi, hali iitwayo athari ya Doppler, na maji yakipungua msongamano kwa joto hushindwa kupunguza kasi ya nyutroni ipasavyo, hivyo joto hurudi kuishusha nguvu ileile iliyolizaa.

Katika VERA, programu ya MPACT hukokotoa nyutroni na kuipa programu mwenzake, CTF, mgawanyo wa nguvu, nayo CTF hurudisha halijoto ya fueli na msongamano wa maji, na mzunguko huo hurudiwa hadi majibu yatulie. Njia hii, yenye jina la mwanahisabati Mfaransa Émile Picard, ina kasoro kubwa: nguvu iliyokadiriwa kupita kiasi huleta joto kubwa mno, na joto hilo huishusha nguvu kupita kiasi katika duru inayofuata, ikawa majibu yanayumba badala ya kutulia. Dawa yake ni kukubali sehemu tu ya badiliko jipya, mara nyingi nusu, na kuichanganya na jibu la awali. Tena si busara kuisukuma kila programu hadi desimali ya mwisho ilhali takwimu inazopokea kutoka kwa mwenzake bado si sahihi.

Njia nyingine ni ya MOOSE, mfumo wa programu ulioanzishwa mwaka 2008 katika Maabara ya Taifa ya Idaho, ambao huitatua milinganyo yote kwa pamoja kwa njia ya Newton. Kwa kawaida njia hiyo hudai matriksi ya Jacobi, yaani jedwali la namna kila mlinganyo unavyobadilika kwa kila kisichojulikana, ambalo kwa kinu kizima ni kubwa kupindukia. Uzuri wa mbinu iliyotumika, nao unastahili kusifiwa, ni kwamba mbinu za Krylov, zinazotatua milinganyo ya mstari katika kila hatua ya Newton, huhitaji tu zao la matriksi hiyo na vekta, na zao hilo hukadiriwa kwa kusogeza visivyojulikana kidogo sana kuelekea upande wa vekta, kukokotoa milinganyo upya, kisha kugawa tofauti kwa kipimo cha msogeo. Matriksi yenyewe si lazima ijengwe. Hata hivyo hesabu hukawia vibaya isipotanguliwa na matriksi ya makadirio ya kuirahisisha, na kuitunga vizuri ni kazi nzito.

Kwa kinu kizima, Picard iliyopunguzwa kasi inatosha, tena huziacha programu zilizokwisha kuthibitishwa zifanye kazi bila kuandikwa upya. Ndani ya fimbo moja hali ni tofauti, na hapo programu ya BISON, iliyojengwa juu ya MOOSE, hufaa zaidi: kidonge cha fueli hutanuka kwa joto na kuubana mwanya mwembamba wa gesi ya heli ulio kati yake na ganda la zirkoni, mwanya ukipungua joto hupita kwa urahisi, kidonge hupoa na kunywea, na upana wa mwanya hauwezi kujulikana kabla ya halijoto, wala halijoto kabla ya mwanya.